Mashine Zilipoacha Kelele

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri, na kwa namna ilivyojitandaza haina haraka ya kuondoka.

Daftari hili nimepewa leo na Bi Ratiba. Ndivyo tunavyomwita ofisa anayepanga sherehe za hospitali. Jina lake la kweli liko kwenye kitambulisho anachokivaa shingoni, lakini kitambulisho chenyewe kimegeuka tangu nimjue, na mwanamke haulizwi jina baada ya miaka sita. Juu ya jalada pameandikwa SOTE NI WAMOJA. Ndani kurasa ni tupu. Mimi kurasa tupu sijawahi kuzipita hivi hivi: nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji huko kwetu, miaka ishirini na tisa iliyopita, wakati kwetu bado hakujawa huko.

Msimu huu amepanga siku nne: Siku ya Lugha, Siku ya Waliotoka Mbali, Siku ya Wenye Ulemavu, na Siku ya Wazee Kazini. Mimi nimo katika mbili. Redio, mwenzetu wa pasi, ameniambia, "Mzee Kamusi, ungevunjika na mguu tu, keki zote zingekuwa zako."

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mashuka mia nne na kumi na mawili. Goti la kushoto linanikumbuka.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Lugha. Kila idara ilitakiwa kuandika salamu kwenye karatasi ya rangi, zibandikwe ukutani pale mapokezi. Bi Ratiba aliteremka mwenyewe mpaka chumba cha kufulia, akasimama mlangoni, akapiga kelele jambo ambalo hakuna aliyelisikia.

Hapa sharti nieleze. Mashine zetu tatu za kufulia zina umri kunishinda mimi kazini, na mimi nina miaka kumi na tisa humu. Zikikamua zote kwa pamoja, sakafu hutetemeka na meno yakagongana. Mtu akikusemesha sikioni utaona midomo tu. Kwa hiyo tunaongea kwa mikono. Zamani tulikuwa na maneno matano: lete, peleka, zima, toka, chai. Kisha, miaka kumi na moja iliyopita, akaja Bi Mvuke.

Bi Mvuke ni kiziwi tangu utotoni. Aliingia, akaweka kiganja ubavuni mwa mashine ya pili, akakiacha hapo kitambo, akamwonyesha msimamizi kwamba ndani kuna kitu kinasagika. Fundi alipofungua alikuta kweli. Tangu siku hiyo mashine ni zake. Na lugha pia ni yake: alitufundisha mkono mmoja mmoja, mtu mmoja mmoja, na katika mwaka mmoja tu sote tulikuwa na uwezo wa kusengenya. Wageni wakiingia humu, wao ndio wanaopungukiwa. Yeye hapungukiwi na kitu.

Tulitoka nje na Bi Ratiba, kwenye ubaraza.

"Nyinyi mnaandika salamu ya lugha gani?"

"Sisi tunaongea kwa mikono," Redio akamwambia.

Bi Ratiba akacheka vizuri tu, bila ubaya. "Hiyo si lugha, jamani, hiyo ni kwa sababu ya kelele za mashine! Mzee wetu, wewe andika ya kwenu."

Nikaandika ya kwetu. Ilikuwa mara ya sita.

Alhamisi, 14 Machi

Mafundi wameng'oa mashine za zamani. Bi Mvuke alisimama karibu nazo mpaka ya mwisho ilipotolewa, kiganja ubavuni, kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Jumatatu, 18 Machi

Mashine mpya zimewashwa. Hazina kelele. Zinapumua tu, kama mtoto aliyelala.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa nimesikia mvua juu ya paa la chumba hiki. Nilisimama na rundo la foronya kifuani, nikasikiliza. Redio alipita akaniuliza, kwa mdomo, "Mzee, unaumwa?" Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyodhani. Tumefanya kazi pamoja miaka minane na sikuwa naijua vizuri, maana nje kwenye ubaraza huwa anazungumza na mkate mdomoni.

Jumatano, 20 Machi

Redio ameleta redio. Sasa ana haki kamili ya jina lake.

Leo kulikuwa na kichekesho kuhusu daktari wa meno na mkwewe. Wenzetu walicheka hadi wakashika meza. Bi Mvuke akanigusa bega, akauliza kwa mkono: wanacheka nini? Nilikuwa nahesabu taulo. Nikazungusha kidole mbele ya kifua: baadaye.

Jumatatu, 25 Machi

Mvua. Binti yangu ameninunulia mwavuli mpya. "Huo wa zamani, Baba, unakulowesha kwa utaratibu tu."

Jumatano, 27 Machi

Leo nimemwambia Bi Mvuke "baadaye" mara nne. Nimezihesabu baada ya kazi, nikiwa nimekaa kituoni. Baadaye yenyewe haijafika hata mara moja.

Hakuna aliyeamua kumtenga. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Midomo imerudi kazini, mikono imeachiwa mashuka, basi. Aliyekuwa anatuongoza sasa anazunguka kutoka uso hadi uso, akiokota vipande.

Jumanne, 2 Aprili

Siku ya Waliotoka Mbali. Ukumbi, viti vya plastiki, keki yenye rangi sita. Nilisimama mbele nikasimulia kisa changu. Sasa kinachukua dakika nne. Miaka ya mwanzo kilichukua ishirini, na watu walikuwa wanaangalia saa zao kwa kuiba, kwa hiyo nimekuwa nikikisahihisha kama nilivyokuwa nikisahihisha chapa. Nimefuta jirani aliyefunga mlango. Nimefuta siku tatu za mwisho za mke wangu, baada ya binti yetu kuzaliwa huku. Nimebakiza daraja, na kamusi niliyovuka nayo mkobani badala ya jozi ya pili ya viatu, ambayo ndiyo iliyonipa jina. Watu hupenda kamusi. Hucheka hapo, kisha hupiga makofi.

Mkurugenzi akanishika mkono. "Wewe ni fahari yetu, Mzee." Mkataba wangu hutiwa saini upya kila Juni, mwaka mmoja mmoja. Nikamwambia asante.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo mchana, jambo baya.

Mlango wa mashine ya tatu haukujifunga sawasawa. Zile za zamani zingetikisika, na Bi Mvuke angejua kabla ya mtu yeyote. Hizi mpya hazitikisiki, zinalia kengele. Kengele ikalia. Mimi nilikuwa wodini na toroli. Redio alikuwa amefungulia muziki. Bi Mvuke alikuwa hatua mbili kutoka kwenye mashine, mgongo wake umeielekea, akikunja. Alijua pale maji ya moto yalipomfikia kwenye viatu.

Hakuungua, alhamdulillahi. Lakini chumba kizima kilijaa maji, na msimamizi aliandika ripoti. Alikuwa mtaratibu, hakumfokea mtu. Aliuliza tu nani alikuwa karibu na kengele.

Ijumaa, 12 Aprili

Barua imekuja. Kuanzia tarehe mosi Mei, Bi Mvuke atahamishiwa stoo ya chini kukunja bandeji, "kwa usalama wake." Stoo ya chini haina dirisha, na haina mtu. Aliisoma mara mbili, akaikunja kama anavyokunja foronya, pembe kwa pembe.

Saa moja haikupita, akateremka Bi Ratiba, uso unang'aa. Siku ya Wenye Ulemavu ni tarehe ishirini na sita, na kamati imemchagua Bi Mvuke. Atapewa cheti. Atasema maneno machache jukwaani, na mimi, kwa kuwa ndiye mzee na ninajua mikono, nitamtafsiria.

Nikamvuta kando. "Unajua kuhusu barua?"

"Barua gani?"

Hakujua. Barua zinatoka ghorofa ya tatu, sherehe zinatoka ya pili. Nikamweleza. Nikamweleza pia kwamba kinachohitajika ni kitu kidogo: mashine inapolia, iwake na taa. Taa moja, nyekundu, juu ya mashine.

Akatoa daftari lake, akaandika. "Mzee wetu, nimelichukua. Tulimalize hili la sherehe kwanza, halafu nitalipeleka kwa watu wa vifaa."

Jumatatu, 15 Aprili

Bi Mvuke amenikalisha kwenye marundo ya mashuka machafu akaniambia, polepole, ili nisije nikadai sikuelewa: atasimama, ataomba taa. Mbele yao wote. Wakishaipigia makofi, hawataweza kuikataa.

Nilimwambia ni vizuri. Mikono yangu ilisema vizuri.

Jumatano, 17 Aprili

Nimemhadithia binti yangu wakati wa chakula. Nikamwambia mtu asiye wa hapa haendi kumwumbua mkurugenzi kwenye kipaza sauti chake mwenyewe.

"Baba," akasema, bado anasaga kitu jikoni, "mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe jembe umelishika miaka ishirini na tisa. Huo ugeni bado unautunzia nini?"

"Wewe umezaliwa hapa."

"Ndiyo. Kwa hiyo naona."

Jumatatu, 22 Aprili

Bi Ratiba ameleta hotuba ya Bi Mvuke. Imeshachapwa, aya saba, na mkurugenzi ameipitia. "Ili Bi Mvuke asihangaike kufikiri." Haina kosa hata moja la chapa. Nimeitafuta nikakosa.

Nilipomwonyesha Bi Mvuke aliisoma, akanirudishia, akafuta mikono kwenye aproni.

Ijumaa, 26 Aprili

Nitaandika kama ilivyokuwa.

Ukumbi ulijaa. Bi Ratiba alikuwa amewafundisha watu kwamba viziwi hawapigiwi makofi. Unainua mikono juu na kuitikisa hewani. Walikuwa wamefanya mazoezi, wanacheka, mikono mia moja inapepea. Ilipendeza, na siwezi kusema haikupendeza. Bi Mvuke alivaa gauni la bluu alilolipiga pasi mwenyewe, mikunjo kama kisu. Akapewa cheti kwenye fremu. Akakiweka chini, juu ya kiti, kwa sababu alihitaji mikono yote miwili.

Mimi nilisimama kando yake na kipaza sauti. Ile karatasi nilikuwa nayo. Nilijiambia nimeibeba kwa tahadhari tu, kama mwavuli.

Akaanza. Mikono yake ilisema: Mashine mpya ina kengele. Mimi siisikii kengele. Kisha akainua ngumi juu ya kichwa, akaifungua vidole vyote: taa. Wekeni taa. Msinipeleke stoo. Cheti sikihitaji. Nahitaji taa moja.

Nilimwangalia mkurugenzi, mstari wa mbele, mguu mmoja juu ya mwingine, anatabasamu tayari. Nikafungua mdomo. Nikasoma karatasi.

"Ninaishukuru hospitali hii, ambayo imekuwa nyumba yangu..."

Hayo ndiyo niliyosema. Sauti yangu ni nzuri, naambiwa. Watu walitulia.

Mwenzangu alikuwa amemaliza. Maneno yake yalikuwa machache, hayakuchukua hata nusu dakika. Mikono yake ilikuwa imeshashuka, imelala juu ya gauni, nami nilikuwa bado kwenye aya ya pili. Hakuna hata mmoja ukumbini aliyeona ajabu kwamba mwanamke amenyamaza na mtafsiri wake anaendelea. Lakini yeye aligeuka akautazama mdomo wangu. Akautazama mpaka mwisho, aya zote saba. Sikuweza kumwambia "baadaye", maana mkono mmoja ulishika karatasi na mwingine kipaza sauti.

Kisha mikono mia ikapanda juu, ikapepea.

Nimezeeka nikiamini kwamba uongo wangu ni ule wa kufuta tu, kwamba sijawahi kuongeza. Leo niliongeza aya saba.

Jumatatu, 29 Aprili

Mtu anayeongea kwa sauti akikasirika anaweza kukunyima sauti, na bado ukamsemesha. Bi Mvuke amefumba macho. Nilipomkaribia na kuinua mikono aliyafumba, akasimama hivyo, akisubiri niondoke. Hakuna mlango uliofungika kuliko ule.

Redio alizima redio yake. Akaniambia mbele ya wote, "Mzee Kamusi, kumbe maneno yote hayo uliyonayo, ulikosa yale machache ya mwenzio?"

Nikabeba taulo.

Jumatano, 1 Mei

Amehamia stoo. Aproni yake bado iko kwenye msumari. Hakuna aliyeigusa.

Jumanne, 7 Mei

Nimeshuka stoo mara tatu tangu ahamie. Taa ya mle ni ya bomba, inapepesa. Amekaa kati ya maboksi, anakunja. Mara zote tatu alifumba macho. Leo nilikaa nusu saa kwenye boksi la bandeji mbele ya uso uliofumbwa, nikisikiliza mvua inavyoteremka kwenye mfereji wa ukutani. Yeye haisikii. Nikafikiri: na mimi nilikuwa nikimsimulia nini miezi hii yote? Hakuna. Hata mvua sikumwambia.

Mkataba wangu wa Juni umetajwa. Msimamizi anasema "hakuna shida yoyote, Mzee." Kabla ya hapo sikuwa nimefikiria kwamba ipo shida.

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Sikwenda popote.

Ijumaa, 17 Mei

Siku ya Wazee Kazini. Tulikuwa watatu: mimi, mlinzi wa geti la nyuma, na muuguzi wa zamu ya mchana anayestaafu. Tulipewa miavuli yenye nembo. Sasa ninayo mitatu.

Asubuhi nilikuwa nimeshuka stoo, nikaweka karatasi juu ya boksi, kwa mwandiko mkubwa: Leo saa nane, ukumbini. Njoo uone mikono yangu. Nikaondoka kabla hajafumba macho.

Zamu yangu ilipofika Bi Ratiba akanipa kipaza sauti. "Mzee wetu atatusimulia ile ya kamusi!" Watu wakaanza kucheka mapema.

Nikakiweka kipaza sauti chini, pale kwenye kiti, penye keki. Nikaikunja mikono ya shati.

Bi Mvuke alikuwa nyuma kabisa, karibu na birika la chai, na macho yake yalikuwa wazi.

Nikaongea kwa mikono. Sikutoa sauti hata kidogo. Ukumbi ulisubiri, halafu ukaanza kunong'ona. Mtu mmoja akauliza kama nimepatwa na kiharusi, na muuguzi tuliyekuwa tunatuzwa naye akainuka nusu. Bi Ratiba akatazama huku na huku. "Anasema nini? Jamani, kuna anayejua anasema nini?"

Redio akasimama katikati ya viti.

"Mimi najua," akasema. Sauti ile nyembamba. "Anasema, siku ile nilisoma karatasi. Anasema, Bi Mvuke hakusema yale. Mimi ni mwongo." Akamgeukia mkurugenzi. "Samahani, ndivyo anavyosema. Sasa anasema aliyoyasema Bi Mvuke. Mashine mpya ina kengele. Mimi siisikii kengele. Wekeni taa. Msinipeleke stoo. Cheti sikihitaji. Nahitaji taa moja."

Nikaishusha mikono. Redio naye akanyamaza papo hapo. Hakuongeza neno. Nimefanya kazi na wasahihishaji waliosoma vyuoni ambao hawakuwa na heshima hiyo.

Hakuna aliyejua apige makofi au apepee. Mkurugenzi alikohoa. Mlinzi wa geti, Mungu amweke, akasema kwa sauti ya kawaida, "Taa yenyewe si kama ile ya pale getini? Fundi aliifunga kabla chai yangu haijapoa."

Nilipotazama kwenye birika, Bi Mvuke alikuwa ameondoka.

Jumatatu, 20 Mei

Bi Ratiba ameshuka. Hakusimama mlangoni, ameingia mpaka ndani, viatu vyake vyeupe kwenye maji.

"Kwa nini hukuniambia, Mzee?"

"Nilikuambia. Tarehe kumi na mbili ya mwezi uliopita."

Akatoa daftari lake, akafunua nyuma, nyuma zaidi. Akasoma. Niliona mwandiko wake mwenyewe: taa – baada ya sherehe. Kitambulisho chake kilikuwa kimegeukia mbele kwa bahati, na jina nikalisoma. Ni jina zuri. Siliandiki humu.

"Baada ya sherehe," akasema, "huwa inakuja sherehe nyingine."

Nilimwona amechoka. Sikuwahi kumfikiria kama mtu anayechoka.

Ijumaa, 24 Mei

Fundi umeme amekuja na ngazi, bisibisi, na taa nyekundu isiyozidi ngumi. Dakika ishirini na tano. Nilizipima kwa saa ya ukutani.

Jumatatu, 27 Mei

Bi Mvuke amerudi. Ameitoa aproni yake kwenye msumari, akaivaa, akafungua mlango wa mashine ya tatu makusudi. Taa ikawaka. Akaufunga. Ikazimika. Akaufungua tena. Alifanya hivyo mara nyingi, na msimamizi akaangalia pembeni.

Mimi hakunisemesha. Lakini alinipita macho yakiwa wazi.

Jumatano, 29 Mei

Redio ameacha redio nyumbani. Anadai betri zimekwisha, nayo redio yenyewe ni ya umeme.

Leo saa nne nilikuwa nimeinamia kapu la foronya, mgongo umewaelekea. Nilipoinuka niliwakuta wote wanacheka kimya kimya, mabega yanatikisika, Redio ameshika meza, na Bi Mvuke katikati, mikono yake ndiyo kwanza inamaliza kusema jambo. Niliona mwisho tu: kitu kuhusu mzee, na kitu kuhusu mwavuli.

Nikainua mikono nikauliza: mnacheka nini?

Bi Mvuke akanitazama usoni. Mara ya kwanza tangu tarehe ishirini na sita ya mwezi ule. Akazungusha kidole mbele ya kifua, taratibu, apate kuonekana vizuri.

Baadaye.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekatika. Mashuka mia tatu na tisini. Bado sijaambiwa.